Milinganyo ya Integrali Isiyo ya Mstari: Namna ya Kuikadiria kwa Namba, na Swali la Istilahi

1.0 Utangulizi

Katika idara za lugha imezoeleka kudhani kwamba hisabati ya juu ni mali ya idara nyingine, na kwamba kazi ya mwanaisimu hukoma pale ishara za hesabu zinapoanza. Makala haya yanachukua mwelekeo mwingine. Yanakusudia kueleza kwa Kiswahili namna milinganyo ya integrali isiyo ya mstari inavyotatuliwa kwa njia za kukadiria kwa namba. Pamoja na hayo, yanakusudia kuonyesha kwamba ugumu unaompata msomaji mara nyingi hautokani na hesabu yenyewe. Hutokana na maneno machache ambayo hatujayatenganisha vya kutosha.

Mfano utakaotuongoza ni ugonjwa wa surua. Haukuchaguliwa kwa bahati. Mwaka 2015 surua ilienea katika Katanga, na Malemba-Nkulu, ambayo leo imo katika mkoa wetu wa Haut-Lomami, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vikali. Miaka michache baadaye ugonjwa huo uliikumba Kongo nzima: hadi Januari 2020, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa walioshukiwa zaidi ya 310,000 tangu mwanzo wa mwaka 2019, na vifo zaidi ya 6,000. Wengi wa waliofariki walikuwa watoto wadogo.

Katika misiba ya namna hiyo wataalamu hukokotoa ni watoto wangapi wataambukizwa, lini, na wangapi wangeokolewa kwa chanjo. Hesabu hufanywa kwa Kifaransa au Kiingereza, lakini anayetakiwa kumpeleka mtoto kwenye chanjo huelezwa kwa Kiswahili au kwa Kiluba. Mama anapoambiwa kwamba "imehesabiwa kuwa watoto mia nane wataugua", anasikia nini? Utabiri? Tishio? Ahadi? Ili kulijibu swali hilo, yatupasa kwanza tuelewe namba mia nane inatoka wapi.

2.0 Mlinganyo unaokumbuka

Mlinganyo wa kawaida wa shuleni humtaka mwanafunzi atafute namba moja isiyojulikana. Katika mlinganyo wa integrali, kisichojulikana si namba moja bali ni mwenendo mzima wa kitu kinachobadilika kadiri wakati unavyopita, na mwenendo huo umefichwa ndani ya integrali. Integrali nayo, kwa maneno mepesi, ni jumla ya vipande vidogo mno visivyohesabika, vilivyounganishwa bila pengo. Tukichora mstari uliopinda juu ya grafu, eneo lililo chini yake ndiyo integrali yake.

Mwanahisabati wa Italia Vito Volterra (1860–1940) aliichunguza sana aina moja ya milinganyo hii, ile ambayo jumla yake huanzia mwanzo wa mambo na kuishia sasa. Aliona kwamba ipo hali katika maumbile ambayo haielezeki kwa kuitazama sasa peke yake, kwa kuwa ya leo yamerithi mambo ya jana na juzi. Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kuliona wazo hili kuwa geni. Sarufi yetu hutofautisha "aliugua" na "ameugua". Kiambishi -li- huliacha tukio lilipotokea, ilhali -me- huleta taathira yake hadi wakati wa kusema. Mlinganyo wa Volterra, kama tunaruhusiwa kutumia tashbihi, ni hesabu inayosemwa kwa -me-.

Ugonjwa wa kuambukiza ni mfano bora. Mtoto aliyeambukizwa surua leo hawaambukizi wenzake leo. Hupita siku kadhaa, kisha huambukiza kwa nguvu kabla na baada ya vipele kutokea, kisha nguvu hiyo huisha. Basi hatari ya wiki hii inategemea walioambukizwa wiki iliyopita na wiki ya kabla yake, kila kundi kwa uzito wake.

Wazo hili lilipewa sura ya hisabati mwaka 1927 na William Kermack na Anderson McKendrick, waliofanya kazi Edinburgh. McKendrick alikuwa daktari aliyetumikia India. Kermack alikuwa mkemia aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya maabara mwaka 1924. Katika makala yao walilinganisha hesabu zao na vifo vya tauni ya Bombay ya mwaka 1905–1906. Mlinganyo wao waweza kuandikwa hivi:

y(t) = g(t) + ∫₀ᵗ A(t − s) [1 − e^(−y(s))] ds

Herufi t ni wakati wa sasa, na s ni wakati wowote uliopita. Herufi y ni nguvu ya maambukizo iliyokwisha kukusanyika juu ya watu wasio na kinga, na ndiyo tunayoitafuta. Herufi g ni mchango wa wagonjwa wa kwanza. Herufi A ni uzito, yaani nguvu ya kuambukiza aliyo nayo mtu kulingana na muda uliopita tangu aambukizwe. Namba e ni ile ipatayo 2.718. Sehemu iliyo ndani ya mabano ya mraba ni fungu la watu ambao tayari wameambukizwa kufikia wakati s. Tazama kwamba y iko pande zote mbili: ili kuijua y ya leo ni lazima tujue y ya siku zote zilizotangulia.

3.0 Maana ya "isiyo ya mstari"

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ni ya mstari, kwa maana ya kihisabati: kila haba huongeza kiasi kilekile, na ukileta haba maradufu utapata ujazo maradufu. Grafu yake ni mstari mnyoofu. Milinganyo yenye tabia hii ina nadharia iliyo kamili, na mengi juu yake yalikwisha kuwekwa wazi tangu Ivar Fredholm wa Sweden alipochapisha kazi yake maarufu mwaka 1903.

Sasa fikiri kibaba ambacho kila haba huongeza kiasi kinachotegemea kibaba kimejaa kiasi gani. Huo ni mlinganyo usio wa mstari. Katika surua, mgonjwa mmoja aliyezungukwa na watoto wasio na kinga huambukiza wengi. Mgonjwa yuleyule, akizungukwa na watoto ambao wamekwisha kuugua au kuchanjwa, haambukizi karibu yeyote.

Matokeo yake hushangaza. Chukua kijiji cha kubuni chenye watoto 1,000 wasio na kinga, ambamo kila mgonjwa, akizungukwa na wasio na kinga watupu, angeambukiza wawili. Ugonjwa ukianza na watoto 10, hesabu yaonyesha kwamba hadi mwisho watoto 800 watakuwa wameambukizwa. Ukianza na watoto 20, je, wataambukizwa 1,600? Kijiji hakina watoto wengi kiasi hicho. Jibu ni 804. Mwanzo umekuwa maradufu, mwisho umeongezeka kwa watoto wanne tu.

Sasa wachanje 600 kati ya hao 1,000 kabla ya ugonjwa kuingia, na tuchukulie kwamba chanjo imewakinga wote. Wamebaki 400 wasio na kinga, na 10 kati yao wanaugua. Mwisho wa yote walioambukizwa ni 40 hivi, kuanzia wale 10 wa kwanza. Idadi ya wasio na kinga imepungua kwa zaidi ya nusu kidogo, lakini wagonjwa wamepungua mara ishirini. Anayefikiri kwa mstari atadhani kwamba kuchanja asilimia 60 huokoa asilimia 60. Hapo ndipo hesabu isiyo ya mstari inapogeuka kuwa suala la uhai.

4.0 Njia ya hatua kwa hatua

Milinganyo mingi ya aina hii haina jibu linaloweza kuandikwa kwa kanuni fupi. Inapokuwa hivyo mwanahisabati hukubali kukadiria. Njia ya kwanza ni kuukata wakati vipande, kuigeuza integrali kuwa jumla ya kawaida, na kutembea kutoka kipande hadi kipande.

Tuendelee na kijiji chetu kisicho na chanjo, na hatua yetu iwe wiki moja. Tuseme kila aliyeambukizwa ana uzito wa 0.5 wiki moja baadaye, na uzito wa 1.5 wiki mbili baadaye. Jumla yake ni 2. Kanuni ya kila wiki ni hii: zidisha wagonjwa wapya wa wiki iliyopita kwa 0.5, na wa wiki ya kabla yake kwa 1.5; jumlisha, kisha gawanya kwa 1,000. Hiyo ni nguvu ya maambukizo ya wiki; tuiite n. Fungu la wasio na kinga watakaoambukizwa wiki hiyo ni 1 − e^(−n).

Wiki ya 0 wameambukizwa 10, wamebaki 990. Wiki ya 1 nguvu ni 0.005, nao walioambukizwa ni 4.9. Wiki ya 2 nguvu hupanda hadi 0.0175 kwa sababu wale 10 wa mwanzo sasa wana uzito mkubwa, nao walioambukizwa ni 17.1. Wiki ya 3 ni 15.3, na wiki ya 4 ni 31.1. Msomaji mwenye kikokotoo anaweza kuendelea mwenyewe. Ataona idadi ikipanda kwa mawimbi, kisha ikishuka kadiri wasio na kinga wanavyopungua.

Msomaji asikwazwe na mtoto 0.9. Namba hizi ni wastani wa hali ambazo zingeweza kutokea, si orodha ya majina. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila wiki tulihitaji yaliyopita tu, ambayo tulikwisha kuyakokotoa. Yaliyokuwa yamefichwa ndani ya integrali yamefichuliwa moja baada ya jingine.

5.0 Njia ya marudio

Yawezekana hatuhitaji mwenendo mzima bali mwisho tu: ni fungu gani la watoto litakuwa limeambukizwa ugonjwa utakapokwisha? Tukiliita fungu hilo z, na tukichukulia kwamba wagonjwa wa mwanzo walikuwa wachache mno, ule mlinganyo mrefu hufupika kuwa:

z = 1 − e^(−2z)

Hapa tena z iko pande zote mbili, wala hakuna namna ya kawaida ya kuitenga upande mmoja. Njia ya marudio, ambayo katika milinganyo ya integrali huhusishwa na Émile Picard wa Ufaransa (1856–1941), ni hii: kisia jibu, litie upande wa kulia, pokea kinachotoka, ukitie tena. Tukianza na 0.5 tunapata 0.632, kisha 0.718, 0.762, 0.782, 0.791, 0.794. Namba zinasogelea 0.797, na zikishakaribia, kila mara hubaki takriban asilimia 41 ya umbali uliotangulia. Ni safari ya uhakika lakini ya polepole.

Njia ya pili inatokana na Newton. Badala ya kupokea tu kinachotoka, hutazama mwinamo wa mstari uliopinda mahali tulipo, huuchukulia mstari huo kana kwamba ni mnyoofu, na huenda moja kwa moja mahali ambapo mstari mnyoofu ungefikia jibu. Tukianza tena na 0.5 tunapata 1.000, kisha 0.814, 0.797, na 0.7968, ambayo ni sahihi hadi tarakimu ya nne. Njia hii ina kasi, ila ina papara: hatua yake ya kwanza ilipita jibu na kusema kwamba watoto wote wataambukizwa. Ingesimama hapo, ingepotosha.

Lipo jambo la tatu, nalo ni muhimu kuliko kasi. Anza marudio kwa z = 0. Upande wa kulia hutoa 1 − 1, yaani 0. Rudia mara elfu moja, utapata 0. Mlinganyo huu una majibu mawili: moja husema kwamba hapatakuwa na ugonjwa, jingine kwamba wataambukizwa watu 797 katika kila 1,000. Yote mawili ni majibu halali ya mlinganyo. Lakini mgonjwa akishaingia kijijini, hata mmoja, na maambukizo yakashika, jibu la sifuri si letu tena. Mashine haiwezi kuchagua kati ya hayo mawili. Mwenye kuijua hali ya kijiji ndiye anayeamua hesabu ianzie wapi.

6.0 Pengo na namna ya kulipima

Tumesema "kukadiria". Je, tunajuaje kwamba makadirio yetu yanafaa? Njia moja ni kuijaribu mbinu kwenye mlinganyo ambao jibu lake tunalijua. Chukua:

y(t) = 1 + ∫₀ᵗ y(s)² ds

Jibu lake kamili ni 1/(1 − t). Basi t ikiwa 0.5, y ni 2. Tusahau kwamba tunalijua jibu, tukadirie.

Mbinu rahisi huigeuza integrali kuwa mistatili, ikichukua kimo cha mwanzo wa kila kipande. Hatua ikiwa 0.25, mistatili hutupatia 1.641. Tukiigawa hatua nusu, iwe 0.125, tunapata 1.766. Mbinu ya pili hutumia trapeza, yaani umbo la pande nne ambalo kilele chake huinama kufuata mstari unaopanda. Kwa hatua ya 0.25 hutupatia 2.175, na kwa hatua ya 0.125 hutupatia 2.033.

Tulinganishe. Kwa mistatili, umbali kutoka kwenye jibu ulikuwa 0.359 ukawa 0.234. Kwa trapeza ulikuwa 0.175 ukawa 0.033, yaani umepungua zaidi ya mara nne. Hatua zikiwa ndogo vya kutosha, kanuni ya jumla ni kwamba kuigawa hatua nusu hupunguza umbali wa mistatili kwa takriban nusu, na wa trapeza hadi takriban robo. Mkokotoaji asiyelijua jibu kamili hutumia kanuni hiyohiyo: hukokotoa mara mbili, kwa hatua mbili tofauti, kisha hutazama majibu yametofautiana kiasi gani. Tofauti hiyo humwambia bado yuko mbali kiasi gani.

Trapeza lakini hudai malipo. Kilele chake cha pili ni y tusiyoijua bado. Kwa hiyo katika kila hatua inatubidi kutatua mlinganyo mdogo usio wa mstari. Katika hatua ya kwanza ya 0.25 mlinganyo huo una majibu mawili, 1.354 na 6.646. La kwanza linaendeleza mwenendo ulioanza na 1. La pili ni mgeni asiyealikwa, na lazima liachwe.

Sasa tusogee mbele. Kadiri t inavyokaribia 1, jibu kamili hukua bila kikomo. Mistatili ya hatua 0.25, ikifika t = 1, hutangaza kwa utulivu kwamba y ni 3.65. Hakuna onyo lolote. Trapeza ya hatua hiyohiyo, ikijaribu kufika t = 0.75, hukwama: hudai kipeuo cha pili cha namba hasi, na hesabu husimama. Nani kati ya wawili hawa ni msaidizi bora? Bila shaka ni yule anayekwama, kwa kuwa kukwama kwake kunatuambia kwamba hatua ni kubwa mno kwa njia iliyo mbele. Namba iliyotoka kwenye mashine haipati heshima kwa kuwa imetoka. Huipata inapoandamana na kipimo cha umbali wake na ukweli.

7.0 Swali la istilahi

Hapa ndipo mwanaisimu anapotakiwa. Umbali kati ya makadirio na jibu kamili huitwa kwa Kifaransa kwa neno lilelile linalotumika kwa mtu aliyekosea. Tukilitafsiri kwa mazoea tunapata "kosa". Lakini katika Kiswahili kosa lina mkosaji, na mkosaji hutakiwa kuomba radhi. Aliyekadiria 0.794 badala ya 0.797 hajamkosea mtu. Amefanya kazi yake vizuri na kusimama mapema kidogo. Tukimwambia msikilizaji kwamba hesabu ya wagonjwa "ina makosa", atakuwa na haki ya kuitupa. Kwa sababu hiyo makala haya yanapendekeza neno "pengo" kwa umbali huo, na "kosa" libaki kwa mkokotoaji aliyeteleza, kwa mfano aliyezidisha mahali pa kujumlisha. Pengo hupimwa na kupunguzwa. Kosa husahihishwa.

Jozi ya pili ni "kutabiri" na "kukadiria". Kutabiri kuna harufu ya ramli na ya unabii: likisemwa, ama litimie ama mtabiri aaibike. Kukadiria kumebeba kadiri, yaani kipimo. Ni dhahiri kwamba hesabu ya magonjwa ni ya kundi la pili. Tena kuna kinaya: makadirio ya wagonjwa 800, yakisikilizwa na watoto 600 wakachanjwa mapema, hayatatimia, na kutotimia kwake ndiko kufaulu kwake. Utabiri usiotimia ni uongo. Makadirio yaliyowafanya watu wachukue hatua yametimiza wajibu wake.

Tatu, namna ya kuutaja mfuatano wa namba unaokaribia jibu. Yapo mapendekezo ya kutumia "kukutana" au "kuungana", lakini namba za marudio haziungani na jibu. Hulikaribia daima bila lazima ya kulifikia. "Kusogelea" hutosha, kwani hulitaja lengo bila kudai kwamba limefikiwa.

Ama kuhusu "integrali" yenyewe, tumeona vyema kuliacha neno hilo likiwa na sura ya Kiswahili bila kulibunia jipya. Istilahi za kimataifa zimekubaliwa hivyo tangu zamani. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990 inazo nyingi za namna hiyo. Neno la kigeni lisiloleta maana potofu ni salama kuliko neno la nyumbani linalopotosha. Hatari haimo katika "integrali", ambayo msikilizaji hujua kwamba haijui. Imo katika "kosa", ambayo hudhani kwamba anaijua.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mlinganyo wa integrali usio wa mstari huibeba historia ndani yake, na kwamba huwezi kuukisia kwa kuzidisha na kugawanya kama kibaba cha nafaka. Tumeona njia mbili kuu za kuukadiria: kutembea hatua kwa hatua, na kurudia hadi namba zitulie. Tumeona pia kwamba kila njia ina jambo la kuulizwa: hatua ni ndogo vya kutosha? Mwanzo umechaguliwa kwa busara? Kati ya majibu mawili, lipi ni la hali tuliyo nayo?

Namba 2 tuliyoitumia ilichaguliwa iwe ndogo ili hesabu ifanyike kwa mkono. Kwa surua yenyewe, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba mgonjwa mmoja, kati ya watu wasio na kinga kabisa, huambukiza 12 hadi 18. Kutokana na hapo hesabu hudai kwamba asilimia 92 hadi 94 ya watu wawe na kinga ndipo ugonjwa ushindwe kuenea. Ndiyo sababu lengo la chanjo huwekwa kwenye asilimia 95. Kijiji kilichochanja asilimia 80 kimefanya kazi kubwa, na bado kimeuacha mlango wazi. Hilo haliwezi kueleweka kwa mtu anayefikiri kwa mstari, na hakuna atakayelieleza Kamina, Bukama au Malemba-Nkulu kwa ishara za Kifaransa.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa letu. Cheo hicho kitakuwa na maana zaidi siku ambayo mwanafunzi wa hisabati na mwanafunzi wa lugha watakapoketi kwenye meza moja, wa kwanza akieleza pengo lake ni kubwa kiasi gani, wa pili akihakikisha kwamba anayesikiliza hasikii kosa. Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa: kikokotoo kimoja, daftari, na subira ya kuirudia hesabu kwa hatua iliyo nusu ya ile ya kwanza vinatosha kuianza.